Uliza Anti Takwimu: pai ya vipande 31 na vurugu zingine za grafu

Wiki hii maswali karibu yote ni ya grafu. Nadhani ndio msimu wenyewe, wanachuo wanamalizia ripoti, vikoba vinafunga hesabu, walimu wana matokeo mezani, kila mtu kafungua Excel anabonyeza menyu ya chati moja baada ya nyingine mpaka aione inayopendeza. Na hapo kwenye kupendeza ndipo tunapoanza kukosana. Nimechukua maswali nane, yaliyofanana nimeyabananisha pamoja.

Swali: Shikamoo anti. Mimi mwanachuo mwaka wa tatu, niko Morogoro. Kwenye ripoti nimeweka pai chati ya idadi ya watu kwa mikoa yote ya Tanzania, sensa ya 2022, rangi kali kabisa, nimekesha nayo. Supavaiza kairudisha, pembeni kaandika "hili ni pambo". Pambo kivipi wakati data nimeitoa Ofisi ya Taifa ya Takwimu? Nichore ipi sasa?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kukesha. Data yako haina shida, shida iko kwenye umbo. Hebu tuihesabu hiyo pai kama tulivyofundishwa shule, duara nyuzi 360, watu wote 61,741,120. Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 inapata nyuzi 31 na ushee, hapo sawa, kipande kinaonekana. Kusini Unguja yenye watu 195,873 inapata nyuzi moja na chembe, hicho sio kipande tena, ni uzi. Halafu mikoa iko 31 kwa hiyo unahitaji rangi 31, ukishamaliza nyekundu, kijani, njano na zambarau unaanza kuingia kwenye bluu ya bahari, bluu ya sketi ya shule, bluu iliyofuliwa sana, msomaji anatoka kwenye duara anakimbilia kwenye ufunguo pembeni kutafuta bluu yake ni ya mkoa gani, akirudi kasahau alikuwa kwenye kipande kipi.

Ila ubaya wenyewe hasa uko hapa. Mwanza ina watu 3,699,872, Tabora 3,391,679. Tofauti yao ni watu 308,193, na hao ni wengi kuliko watu wote wa mkoa wa Kusini Pemba, ambao ni 271,350. Yaani mkoa mzima na watu wake, kwenye pai yako umegeuka tofauti ya nyuzi chini ya mbili kati ya vipande viwili, na hakuna jicho litakaloiona bila protrakta. Wala sio mimi niliyeanza kulisema hili, kuna mabwana wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, mwaka 1984 waliwapa watu grafu za namna namna wakadirie kwa macho, ikaonekana watu wanakadiria vizuri zaidi vitu vinavyoanzia mstari mmoja kuliko kukadiria pembe au eneo. Ndio kama watoto wakibishana nani mrefu, unawasimamisha mgongo kwa mgongo ukutani, huwalazi chini kwenye duara miguu katikati.

Kwa hiyo chora nguzo. Wengine mnaziita baa, na sina ugomvi, mradi ieleweke sio ile ya vinywaji. Na kwa mikoa zilaze, majina yawe kushoto na nguzo ziende kulia, kwasababu jina kama Mjini Magharibi au Kaskazini Unguja ukiliweka chini ya nguzo iliyosimama Excel inalipindisha, msomaji anasoma shingo upande. Halafu zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo. Usiziache kwa alfabeti, alfabeti inamfaa mtu anayetafuta jina kwenye orodha, anayelinganisha haimsaidii kitu. Dar juu kabisa, inafuata Mwanza, Tabora, Morogoro yako hiyo na watu 3,197,104, Dodoma, unashuka mpaka Kusini Unguja chini. Rangi moja tu inatosha kwa zote, na kama ripoti yako inahusu Morogoro basi Morogoro peke yake ipake rangi nyingine.

Sasa nikupe kile ambacho nadhani supavaiza alitaka kusema akaona uvivu kuandika. Kabla hujagusa menyu ya chati, andika kwanza sentensi unayotaka msomaji aione. Sentensi kamili, yenye kitenzi. "Dar inaizidi Mwanza kwa watu zaidi ya milioni moja na nusu", hiyo inataka nguzo. "Watu wameongezeka tangu 1967", hiyo inataka mstari. "Mikoa yenye watu wengi ndiyo yenye vituo vingi vya afya", hapo unataka vitone, kila mkoa kitone kimoja, watu mhimili mlalo na vituo mhimili wima, uone kama kweli vinapanda pamoja au ni maneno tu. "Zanzibar ni sehemu ndogo ya jumla", hata pai nakukubalia, vipande viwili, Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773, mtu anaona mara moja. Mada ni ileile ya idadi ya watu lakini sentensi nne zimezaa grafu nne. Wengi wenu mnaniuliza "data ya watu inachorwa na grafu gani" kama vile data ina grafu yake iliyozaliwa nayo.

Tena hata hizo nguzo zilivyoanza, hadithi yake ndiyo hiyohiyo. William Playfair wa Uskoti, 1786, alikuwa anatoa kitabu cha biashara ya Uingereza, kachora mistari ya bidhaa zinazoingia na kutoka mwaka hadi mwaka. Alipofika kwenye Uskoti yenyewe, kwao, akakuta ana data ya mwaka mmoja tu. Mstari wa mwaka mmoja unauchoraje? Akachora nguzo, kila nchi waliyofanya nayo biashara na nguzo zake. Pai nayo ni ya kwake huyohuyo, aliitoa 1801, kwa hiyo lawama zingine mpelekeeni yeye.

Swali: Habari za kazi dada. Mimi mwalimu wa jiografia, sekondari, Tabora. Niliwachorea vijana kwa Excel grafu ya mstari ya sensa zote za Tanzania tangu 1967. Kijana mmoja akanyoosha mkono, "sir, mbona baada ya 2002 ongezeko limepungua?" Nikaangalia, kweli mstari umelala kidogo. Nikamwambia labda uzazi wa mpango. Ila roho haijatulia.

Jibu: Salama kabisa mwalimu, na huyo kijana mlinde, ana jicho. Uzazi wa mpango umeusingizia bure, aliyekudanganya ni Excel.

Chukua namba zenyewe, nazifupisha kwa milioni. 1967 tulikuwa 12.3, 1978 tukawa 17.5, 1988 tukawa 23.1, 2002 tukawa 34.4, 2012 tukawa 44.9, 2022 tukawa 61.7. Sasa acha kuangalia watu, angalia miaka. Kutoka 1967 mpaka 1978 ni miaka 11, halafu 10, halafu kutoka 1988 mpaka 2002 ni miaka 14, maana 1998 hakukuwa na sensa, halafu 10, halafu 10 tena. Ukichagua ile chati ya mstari ya kawaida, Excel haijui kwamba 1988 na 2002 ni miaka, kwake ni majina tu, kama Asha na Juma, kwa hiyo inayapanga kwa nafasi sawa sawa. Miaka 14 imebanwa kwenye nafasi ileile ya miaka 10. Ongezeko la milioni 11.3 la miaka 14 limepandishwa kama ngazi moja, likifuatiwa na ongezeko la milioni 10.5 la miaka 10 ambalo sasa linaonekana dogo. Ndio huo mstari uliolala aliouona kijana.

Gawa kwa miaka uone. Kati ya 1988 na 2002 tuliongezeka kama watu laki 8 kila mwaka. Kati ya 2002 na 2012, milioni 1 na ushee kila mwaka. Kati ya 2012 na 2022, karibu milioni 1 na laki 7 kila mwaka. Hakuna mahali palipopungua! Hata kwa asilimia ile ya ongezeko la mwaka, kipindi cha mwisho ndio kimepanda mpaka 3.2 kutoka 2.7. Grafu yako ilikuwa inasema kinyume, na namba zote zilikuwa sahihi, ndio maana hukushtuka.

Dawa yake ni ndogo. Chagua data yako, miaka safu ya kushoto na watu safu ya kulia, halafu usiende kwenye mstari, nenda kwenye ile ya vitone wanayoiita skata, chagua ile ambayo vitone vimeunganishwa na mistari iliyonyooka. Hiyo inaichukulia miaka kama namba, kwa hiyo 1988 na 2002 zitaachana kwa umbali wake halali. Kisha bonyeza mara mbili kwenye mhimili wa chini uhakikishe unaanzia 1960 na kuishia 2030, maana ukianzia sifuri utaona mstari wote umerundikana kulia kama abiria wanaokimbia jua kwenye daladala.

Na kuna mtego mwingine wa hapohapo nautaja kwasababu nimeuona mpaka kwenye slaidi za watu wakubwa. Ukichagua safu zote mbili ukabonyeza mstari wa kawaida, Excel wakati mwingine inachora na miaka yenyewe kama data, unapata mstari wa pili unaitwa "Mwaka", umelala chini kabisa kwenye elfu mbili huko wakati watu wako kwenye mamilioni. Mtu akiprinti bila kuangalia ndio imetoka hiyo.

Ukiipata ile sahihi rudi darasani na grafu zote mbili uziweke kando kando, umwambie kijana aeleze mwenyewe nini kimebadilika.

Swali: Shikamoo anti, mimi katibu wa kikoba chetu Temeke, wanachama 25. Mwenyekiti kapeleka kwenye grupu la WhatsApp grafu ya michango, nguzo ya Aprili iko kama theluthi ya nguzo ya Machi, watu wakawaka, mweka hazina nusura avuliwe madaraka usiku uleule. Nilivyofungua daftari, Machi ni 1,000,000 na Aprili ni 960,000. Mwenyekiti kaapa hajagusa namba. Nani mwongo?

Jibu: Marahaba. Mwenyekiti wala hajadanganya, na mweka hazina wala hajala hela, nguzo zimekatwa miguu.

Angalia namba ya chini kabisa kwenye mhimili wima wa hiyo picha. Kwa maelezo yako nina uhakika utaikuta 940,000. Programu ikiona namba zako zote ziko juu juu na zimekaribiana, mara nyingi inaamua yenyewe kuanzia huko, ili tofauti ionekane. Sasa Machi imebaki na kimo cha 60,000 juu ya mstari na Aprili imebaki na 20,000, theluthi moja kamili. Tofauti halisi ni asilimia 4. Kwa kikoba cha watu 25 hiyo ni mtu mmoja tu aliyechelewa kutuma.

Nguzo inasomwa kwa urefu wake wote kuanzia chini, kwa hiyo chini pawe sifuri, na kwenye hili mi sina mjadala na mtu. Ukiweka sifuri nguzo zenu zitaonekana karibu sawa, na ndivyo zilivyo. Mstari ndio una ruhusa ya kutoanzia sifuri, kwasababu kwenye mstari tunafuata mwendo, kimo hakituhusu sana. Chati ya homa wodini nani aliwahi kuianzishia sifuri? Inaanzia kwenye 35 hivi, na afadhali, maana kati ya 37 na 40 ndipo maisha ya mtu yalipo.

Halafu mwambie mwenyekiti aachane na 3D. Najua inapendeza, najua simu yake inaitengeneza bure. Lakini nguzo ya 3D imesimama mbele kidogo ya ukuta wenye mistari ya kupimia, kwa hiyo kichwa chake kinaonekana kimeishia chini ya mstari ambao kweli kimeufikia, hela inaonekana pungufu hata pale ambapo haijapungua. Kwenye grupu la hela za watu hiyo ni kutafuta kesi. Na kwa kuwa wanachama wote wanaangalia kwa simu, andika namba yenyewe juu ya kila nguzo, kubwa, ugomvi mwingine wote utaisha hapo.

Swali: Asalaam aleikum dada. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa. Darasa mbili, mtihani mmoja, wastani wa darasa zote mbili ni 50. Nimechora nguzo mbili, ziko sawa kabisa. Mwalimu mkuu asema basi darasa ni sawa. Lakini mimi nafundisha zote mbili na najua si sawa hata kidogo, darasa moja naingia na furaha, jengine naingia na kichwa chaniuma.

Jibu: Wa aleikum salaam mwalimu. Kichwa chako kinasema kweli kuliko hizo nguzo. Wastani umemeza kila kitu. Tuseme darasa la kwanza karibu wote wako kati ya 40 na 60, na darasa la pili nusu wana 20 na nusu wana 80. Wastani ni 50 kote, ila la pili ni madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, na hakuna hata mtoto mmoja mwenye hiyo 50 yenyewe.

Unachotaka ni histogramu. Gawa alama kwa mafungu, 0 mpaka 9, 10 mpaka 19, uende hivyo mpaka 90 na kuendelea, hesabu watoto wangapi wameangukia kila fungu, chora. Darasa la furaha litatoa mlima mmoja katikati. La maumivu litatoa milima miwili na bonde. Nguzo za histogramu zinashikana, hakuna mwanya, kwasababu alama 39 na alama 40 ni majirani, sio kama maembe na machungwa. Ukiziona zimeachana kwenye programu yako ujue imekuchorea nguzo za kawaida, nenda kwenye ule mwanya kati ya nguzo uufanye sifuri. Darasa zote mbili zitumie mafungu yaleyale na mhimili uleule, moja juu na nyingine chini yake, mwalimu mkuu ataona bila ya wewe kusema neno. Usichague mafungu mapana sana, ukifanya mawili tu, 0 mpaka 49 na 50 kwenda juu, mlima na bonde vyote vinapotea, utarudi ulipoanzia.

Kuna bwana wa takwimu alikuwa anaitwa Francis Anscombe, mwaka 1973 alitengeneza data nne za makusudi, kila moja na vitone 11, wastani wa mlalo 9 kote, wastani wa wima 7.5 kote, hata kipimo cha uhusiano 0.82 kote. Ukizichora, moja ni vitone vinavyopanda kawaida, ya pili ni upinde, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye kitone kimoja kilichotoroka juu, na ya nne vitone vyote vimejipanga wima kama foleni, isipokuwa kimoja kiko mbali peke yake. Waoneshe walimu wenzako, ni kitu cha dakika kumi kwenye mkutano na huwa kinawanyamazisha watu wa "lete wastani tu".

Swali: Shikamoo anti. Mimi muuguzi, zahanati ya kijijini mkoa wa Lindi. Ukutani tuna ile grafu ya chanjo, kila mwezi tunajumlisha na miezi ya nyuma mstari unazidi kupanda. Mwenzangu aliyehamia juzi anasema ni ushamba, tuchore nguzo za kila mwezi. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba nesi. Ukuta wako uko sahihi kwa swali lake. Ule mstari unajibu "tutafika lengo la mwaka au hatufiki, na watoto wangapi wanapotelea njiani?" Ndio maana kuna mstari wa lengo uliokwenda mshazari toka kona ya chini mpaka juu Desemba, mkiwa juu yake mko vizuri, mkianza kuzama chini yake mnaona mapema, hamsubiri mwaka uishe. Na ndio maana Penta 1 na Penta 3, yaani dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo ya Penta, ziko kwenye karatasi moja. Lile pengo katikati ya mistari miwili ndio watoto walioanza hawajamaliza. Ila mwambie mgeni, pengo dogo ni halali, Penta 1 ni wiki ya 6 na Penta 3 ni wiki ya 14, kwa hiyo mstari wa Penta 3 lazima ubaki nyuma kama miezi miwili. Cha kuwashtua ni pengo linaloendelea kutanuka, hapo ndio mnapiga simu kwa wahudumu wa afya wa jamii wapite nyumba kwa nyumba. Na mstari wa kujumlisha haushuki kamwe, ukiuona umeshuka kuna mtu kakosea hesabu.

Nguzo za kila mwezi nanyi msizitupe, zinafaa kwa swali lingine, mwezi gani watoto walikuwa wachache, je ni mvua zilikata barabara au chanjo ziliisha kwenye friji. Kwenye mstari wa kujumlisha mwezi mbaya unajificha, unaonekana kama mstari umepumzika kidogo tu.

Na akikwambia tena mambo ya grafu ni ya ofisini, mkumbushe kwamba aliyeibana serikali ya Uingereza kwa mchoro ni nesi, Florence Nightingale, 1858, akionyesha kwamba askari kwenye vita ya Crimea walikuwa wanauawa zaidi na magonjwa yanayozuilika kuliko majeraha. Yeye alitumia duara lenye vipande 12 vya miezi, kipande kikubwa vifo vingi. Kwa usomaji wa leo ni mchoro mgumu kidogo, lakini ulimfikia aliyekusudiwa. Na akina mama wa kijijini kwenu wasidharauliwe, kila aliyebeba kadi ya kliniki ameshasoma grafu ya mstari, uzito wa mtoto wima na miezi mlalo, na anajua fika mstari ukilala maana yake nini.

Swali: Anti, ni lazima kila jedwali liwe na grafu yake? Ofisini wananilazimisha.

Jibu: Hapana. Wanaume 30,053,130, wanawake 31,687,990, sensa ya 2022. Nimekuandikia kwa mstari mmoja umeelewa, ungechora pai ya nusu ukurasa ungeniambia kitu gani cha zaidi?

Swali: Sasa anti, niko Nairobi, nafanya kazi ya data. Bosi anapenda ramani, kila kitu anataka ramani ya kaunti 47 zimepakwa rangi. Nimepaka idadi ya wateja kwa kaunti, lakini hii kitu inakaa ni kama biashara yetu yote iko kaskazini, na huko hatuna watu wengi hivyo.

Jibu: Poa sana. Ramani inapima ardhi kabla haijapima kitu chako. Marsabit ina zaidi ya kilomita za mraba 70,000, Nairobi ina karibu 700, kwa hiyo kwenye karatasi Marsabit inapata wino mara mia ya Nairobi. Kwa watu, sensa ya 2019 iliipa Nairobi 4,397,073 na Marsabit 459,785, kinyume kabisa, karibu mara kumi. Ukipaka Marsabit hata rangi hafifu bado inajaza macho, na Nairobi ukiipaka nyeusi ti ni nukta.

Kama sentensi yako ni "wateja wengi wako Nairobi na Kiambu", chora nguzo zilizolala na umalize. Ramani itumie pale ambapo mahali penyewe ndio habari, mfano wateja wanafuata barabara kuu ya kwenda Mombasa, na hapo weka duara juu ya kila kaunti, ukubwa kwa idadi, usipake ardhi. Au gawa kwanza, wateja kwa kila watu 1,000, ndipo upake. Yule daktari John Snow, kipindupindu cha London 1854, aliweka alama ndogo kwa kila kifo kwenye nyumba kilipotokea, na alama zikarundikana kuzunguka pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad Street. Angepaka rangi mtaa mzima, pampu isingeonekana. Bosi akikataa mchoree zote mbili kwenye slaidi moja, mwachie achague, mara nyingi huwa wanachagua vizuri wakiona wenyewe.

Swali: Anti shikamoo, rangi gani nzuri kwa nguzo za wavulana na wasichana? Ripoti yangu inaenda kwa watu 40.

Jibu: Marahaba. Inategemea inaenda vipi. Kama ni PDF kwa simu, yoyote, ila nyekundu na kijani usizikalishe pamoja, kuna watu wengi tu, hasa wanaume, hawazitofautishi na wala hawatakwambia. Kama ni karatasi, na najua ni karatasi, basi toa kopi moja nenda steshenari ya jirani wakupigie fotokopi nyeusi na nyeupe ya ukurasa wenye grafu uiangalie. Nyekundu yako na bluu yako zikitoka kijivu kilekile, fanya moja iwe nyeusi kabisa na nyingine nyeupe yenye mpaka, au andika "wav" na "was" chini ya kila nguzo na ufunguo uutoe kabisa. Ila uende leo, kabla hujalipia kopi zote 40.